Jina Nililosomea Bulgaria

Zablon,

Miwa yako imekatwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama watoto wamekula. Wakataji waliingia Jumanne asubuhi wakianzia upande wa mto, na trela ya mwisho ikatoka shambani kabla ya mvua ya alasiri. Watoto wa shule waliifuata barabarani wakichomoa miwa kama kawaida yao, na mjane wako, Mama Selina, akawaacha wachomoe. Ilikuwa imekaa mno, imeanza kukauka kutoka juu. Kuchelewa kwake kulitokana na mimi, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Miezi minne imepita. Ulilalamika kichwa Jumatatu, Alhamisi tukakupeleka hospitali Kakamega, Jumamosi tukarudi nawe kwa pikapu ya mchungaji, mimi nikiwa nyuma nimeshikilia sanduku lisiteleze. Kazi ya maabara imenizoesha kuandika kilichopo na kuyaacha ninayoyahisi nje ya daftari. Nitajaribu kuandika hivyo hivyo. Pale nitakaposhindwa, nivumilie kama ulivyonivumilia mengine.

Tulikuzika kando ya nyumba yako. Fundi aliandika msalabani kwa rangi nyeupe: Zablon Lutomia Mukabwa. Watu walipokuwa wakiimba, mimi nilikuwa nikilisoma jina hilo. Ndilo lililokuwa kwenye kitambulisho mfukoni mwangu, kwenye pasipoti yangu, kwenye shahada yangu, na kwenye kibao cha mlango wangu kule kiwandani. Wote wa rika letu waliokuwa pale walilijua jambo hilo. Hakuna aliyenitazama, na nilishukuru.

Wewe unayajua yote haya, lakini hatukuwahi kuyasema kwa mpangilio, kwa hiyo niruhusu niyapange.

Mwaka ule nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la saba kule shuleni kwetu nikaanguka vibaya. Kurudia kulikatazwa. Wewe, katika shule ya ng'ambo ya mto, ulikuwa umeandikishwa kwa mtihani wa mwaka uliofuata, lakini baba yako alikuwa ameumia mguu na miwa ndiyo kwanza imeingia kwetu, kila mtu akipanda hadi mlangoni. Ukaacha shule ushike jembe. Mwalimu mkuu wako alimwambia baba yangu maneno ambayo yalikuwa ya kawaida wakati ule: "Kiti kiko, lakini kina jina. Mwenye kukitaka akikalie na jina lake." Watoto wangapi wa Kabras walifaulu kwa majina ya wenzao, Zablon? Wengine ni wachungaji leo.

Nilikuja kukuomba. Ulikuwa umekalia rundo la mbegu za miwa ukinoa panga, na hukufikiri hata kidogo. "Chukua," ulisema. "Mimi huku kwa miwa nitaitwanga tu 'wewe'." Tulicheka. Tulikuwa tumetahiriwa siku moja mtoni, damu yetu ilichukuliwa na maji yale yale, na jina lilionekana kitu kidogo cha kupeana. Hakuna aliyetuambia kwamba jina likishaingia kwenye cheti cha kwanza, vyeti vingine vyote hulifuata. Nilifaulu kama Zablon. Nikaenda sekondari kama Zablon, nikamaliza kidato cha sita kama Zablon. Enoki Shitakwa, jina langu la kuzaliwa, alibaki nyumbani kwa mama yake, akiitwa wakati wa chakula.

Ndipo likaja tangazo la masomo ya ng'ambo. Serikali yetu na serikali za nchi rafiki zilikuwa na mapatano: sisi tunatoa wanafunzi na nauli, wao wanatoa chuo, kitanda na chakula, na mwanafunzi akimaliza anarudi kutumikia nchi yake. Ubaoni kwenye ofisi ya elimu Kakamega palikuwa na orodha ya nchi na kozi. Mbele ya Bulgaria waliandika teknolojia ya sukari. Nikajaza fomu pale pale, nimesimama.

Fomu iliuliza kazi ya baba. Nikaandika kazi ya baba yako. Kwenye usaili Nairobi, wazee watano wenye tai waliniuliza kwa nini mtoto wa Kabras anataka kusomea sukari. Baba yangu hakuwa na muwa hata mmoja, unajua alivyoyapenda mahindi yake. Lakini Zablon Mukabwa alikuwa mtoto wa mkulima wa miwa, kwa hiyo nikawasimulia shamba lenu. Niliwaeleza mguu wa mzee. Niliwaeleza jinsi majani ya miwa yanavyokata shingo, na jinsi mtu anavyoota palizi hata akiwa kanisani. Yule wa katikati aliacha kuandika akanisikiliza. Sikuwadanganya neno lolote isipokuwa kwamba hayo yote yalikuwa yako.

Majina yalipotoka gazetini, baba yangu alipeleka ukurasa ule kwa mchungaji amwonyeshe mwanawe. Mchungaji akaweka kidole. Baba hajui kusoma, lakini umbo la jina lake analijua kutokana na kitambulisho. Alitazama kidole kile, akauliza, "Sasa langu liko wapi?" Baba alilikunja gazeti, akalihifadhi, akachinja ingokho, kuku wa kuaga, kama baba yeyote ambaye mtoto wake anapanda ndege. Hilo la gazeti sikukuambia. Mama ndiye aliyeniambia mimi, miaka mingi baadaye.

Ya Bulgaria nilikuandikia. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu. Huko mtu akitikisa kichwa anakubali na akikiinamisha anakataa, nikapata chakula nisichokitaka na kukosa nilichokitaka kwa mwezi mzima. Mwaka wa pili walitupeleka mashambani wakati wa mavuno. Nilitafuta miwa kwa macho. Nikaona uwanda mtupu, na watu wameinama wanang'oa viazi vikubwa vyeupe kutoka ardhini. Mwalimu akasema: hii ndiyo sukari. Katika ofisi yote ya elimu Kakamega hakuna aliyewahi kufikiri kwamba sukari inaweza kutoka kwa kitu kingine, na mimi niliyesimama pale kujaza fomu sikuuliza. Kwetu ungeulizaje? Jibu lako ninalo bado: "Hao watu wamekudanganya. Viazi ni vya kuchemsha. Rudi nyumbani."

Sikurudi. Mwisho wa yote sukari ya muwa na ya kile kiazi ni moja, na chembe zake chini ya darubini huwezi kuzitofautisha. Nilijifunza kuipima, kuisafisha na kujua inapotea wapi. Nyuma ya bahasha niliandika jina langu la huko, mbele nikaandika lako, na karani wa posta Malava akakuuliza, "Kwani wewe unajiandikianga barua?" Uliniandikia ukisema ulimjibu ndiyo, ili usijisahau.

Niliporudi, kiwanda kilikuwa kinanguruma usiku na mchana, na kila aliyekuwa na shamba amekuwa mtu wa miwa. Walinipa maabara. Wewe ulikuwa mkulima wao mwenye mkataba, nami nilikuwa mpimaji wao. Jumapili moja ulikuja nyumbani kwangu tukala obusuma, ugali wetu, na ulipomaliza ukaomba kuiona shahada. Ulinawa mikono mara ya pili kwanza. Upande mmoja ulikuwa na herufi zao, ukasema kuku amepita juu yake. Upande wa pili Kiingereza. Ukasoma jina lako polepole, yote matatu, kidole chini ya kila moja.

"Kumbe nimesomanga hivi," ulisema.

Ulicheka. Halafu ukaendelea kuishika, nami nikatazama mlangoni kwa sababu sikuweza kukutazama wewe. Kisha ukanirudishia. "Weka vizuri, isiingie maji." Hatukulizungumza tena mpaka ulipokufa. Nimejiuliza mara nyingi kama siku hiyo ningekuomba msamaha ungesemaje. Nadhani ungesema niache ujinga. Lakini sikuomba, kwa hiyo sijui.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa nywele kumaliza matanga. Baba yako alikaa kwenye kiti chake, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akasema yale ambayo wazee husema siku hiyo: "Mwenye kitu cha marehemu aseme leo. Kesho tusisikie kwa upepo." Jirani yako akasema ana jembe la kukokotwa. Mwingine ana pampu ya baiskeli. Mmoja alisimama kwa huzuni kubwa kurudisha kofia, na watu wakacheka, na wewe ungecheka. Mzee akauliza mara ya pili kama kuna mwingine. Wembe ulikuwa kichwani mwangu. Nilikuwa na kitu chako kikubwa kuliko vyote vilivyotajwa, nimekitumia tangu utotoni, nikanyamaza. Nywele zangu zilianguka pamoja na za ndugu zako, nikaenda nyumbani.

Baada ya wiki chache Mama Selina alikwenda ofisi ya wakulima pale kiwandani kubadilisha mkataba wa miwa uwe kwa jina lake. Alibeba kibali cha mazishi. Bila mkataba hakuna kibali cha kukata, na miwa yako ilikuwa tayari imekomaa. Karani alifungua kitabu chake akashangaa. "Mama, huyu si yuko maabara? Tunamwonanga hapa kila siku akinywa chai." Hakuwa na ubaya wowote. Jina moja, baba mmoja, kata moja. Miaka yote alidhani ni mtu mmoja mwenye kazi na shamba, kama wengi wetu. Akatuma niitwe.

Nilipoingia, Mama Selina alikuwa ameketi na kitambaa cheusi kichwani. Karani alishakuwa na suluhisho, tena la huruma. Alisukuma fomu ya kuhamisha mkataba mbele yangu. "Wewe tia sahihi tu, uhamishie mama, mambo yaishe."

Nilichukua kalamu, Zablon. Sitaki kukuficha. Kwa karatasi zote za nchi hii na za Bulgaria, mimi ndiye niliyekuwa wewe. Sahihi moja, na mke wako angepata shamba, mimi ningebaki na kazi yangu, na hakuna ambaye angeumia. Nilikuwa nimeshaandika Z.

Mama Selina akasema, kwa sauti ya chini kabisa: "Shemeji, ukitia sahihi hapo, Baba Selina atakuwa hajafa. Sasa mimi niliyenyolewa, ni mjane wa nani?"

Niliweka kalamu chini nikasema nitafikiri. Nilifikiri wiki tano. Nitakuambia jinsi nilivyofikiri: kila Ijumaa nilikwenda shambani kwako, nikakata mabua machache, nikayapeleka maabara, nikapima sukari na kuandika namba. Kila Ijumaa namba ilishuka. Nilizipanga vizuri kwa kalamu ya bluu, kana kwamba kuupima uoga wangu kulikuwa sawa na kufanya kitu. Mama Selina hakurudi kuniuliza. Angekuja kunitukana getini ningepata nafuu. Alipalilia mahindi yake, akaenda kanisani, akanisalimu kwa heshima.

Niliogopa nini? Niliogopa kuitwa mwizi. Nafasi ile ya masomo ilipewa mtu ambaye hakuwepo, na serikali mbili zilitia sahihi juu yake. Niliogopa kunyang'anywa shahada, na bila shahada mimi ni nani, mtu wa makamo asiye na hata cheti cha darasa la saba kinachofaa. Hayo ni mambo ya kweli kuogopa na bado nayaogopa.

Ijumaa ya tano, namba ilinionyesha kwamba tukikaa kidogo tu kiwanda kitaikataa miwa yako. Mimi ndiye ambaye ningeandika kwamba imekataliwa. Chini ya karatasi ile ningetia sahihi kwa jina lako.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa baba yako. Nilimwambia, "Mzee, siku ya kunyolewa nilinyamaza. Nina kitu cha Zablon." "Nilikuwa nakungojanga," akasema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, kijana. Lakini sikuwa mimi wa kukuvua mbele ya watu." Kisha akaita niletewe chai. Nililia pale kwake, Zablon, kikombe mkononi, kwa mara ya kwanza tangu ulipokufa. Kwenye mazishi sikuweza. Nililia mpaka mama yako akaja kuniinua kama mtoto aliyeanguka.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda mahakamani Kakamega, mimi na wazee wawili, baba yako na baba yangu. Hakimu alitaka mashahidi wa kuzaliwa kwangu, na vyeti vya kuzaliwa wakati wetu vilikuwa ni vinywa vya wazee. Baba yako alitangulia. Aliegemea mkongojo, akaelekeza kidevu upande wangu, akasema, "Huyu si wangu. Wangu nimemzika." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetambua ng'ombe wake mnadani Lubao. Najua kwamba sentensi hiyo ilimgharimu kuliko yeyote kati yetu, kwa sababu miaka yote alikuwa akitamba sokoni kwa utani kwamba ana wana wawili wa jina moja, mmoja wa jembe na mmoja wa ndege.

Halafu akaitwa baba yangu. Alikuwa amevaa koti la arusi yake. Hakimu akamuuliza kama ananifahamu. "Huyu ni wangu," akasema. Hakimu akashukuru na kumwambia akae. Hakukaa. "Enoki. Ni wangu, mimi Shitakwa. Ni huyu aliyeenda Bulgaria. Andika." Karani wa mahakama akamwambia inatosha, mzee; baba akalirudia mara ya tatu. Nilikuwa nimedhani najua nilichokuwa nimechukua na nilikichukua kwa nani. Sikujua kwamba nilichukua kwa watu wawili.

Nilitia sahihi kwenye hati ya kiapo. Mkono wangu haukuwa umeandika jina hilo tangu nikiwa na kaptula, na liliandikika vibaya.

Nikakipeleka kile kiapo ofisi ya wakulima mwenyewe, pamoja na Mama Selina. Karani alikisoma akavua miwani. Alichukua kitabu chake, akapiga mstari mmoja juu ya jina lako kwenye orodha ya wakulima, pembeni akaandika: marehemu. Chini yake akaandika jina la mjane: Roselida Lutomia. Mama Selina aliomba aonyeshwe, akatazama neno lile, akaitikia kwa kichwa. Kibali cha kukata kilitoka wiki ile ile. Miwa ilipokelewa. Haikuwa na sukari ambayo ingekuwa nayo, na hilo ni deni langu kwake. Nimemwambia hivyo. Amesema nimpandie msimu ujao na mikono yangu, si kwa maneno.

Mimi nimesimamishwa kazi. Meneja alikuwa mpole. Alisema lazima waandikie Wizara, na Wizara iandikie Bulgaria, waamue kama elimu inabaki na kichwa au na jina. Redio inasema huko nako serikali imebadilika, sijui hata kama ofisi ile ina mtu wa kufungua bahasha. Nimemwandikia mwalimu wangu wa maabara. Yeye aliniona usoni kila siku, labda atakumbuka uso. Kwa sasa niko nyumbani napalilia mahindi na baba yangu, ambaye ananiita kutoka kila kona ya shamba bila sababu. Usiku silali vizuri. Sitaki ufikiri kwamba nimekuwa shujaa. Ningekuwa shujaa ningesema siku ya kunyolewa.

Kibao changu cha mlangoni kimeng'olewa. Mlinzi alinipa nikiondoka, nami nilimpelekea Mama Selina, kwa sababu ni jina la mume wake. Sikujua angekifanyia nini. Amekiweka sebuleni juu ya picha yenu.

Selina yuko darasa la sita. Ana akili zako na haraka zako, na hesabu anazifanya mbio mbio hadi zinamponyoka. Juzi mwalimu mmoja alimwambia mama yake, kwa nia njema, kwamba asiwe na wasiwasi, akianguka mtihani wa darasa la nane kuna namna, watoto wanaoacha shule huwa na viti vyao. Mama Selina alinieleza, akaningoja.

Nakuahidi hili, Zablon. Akifaulu atafaulu yeye. Akianguka, nitakaa mlangoni kwa mwalimu mkuu mpaka anichoke, na Selina atarudia darasa akiwa Selina binti wa Zablon Lutomia. Siku ikifika ya kujaza fomu ya kwenda nchi yoyote, rafiki au isiyo rafiki, palipoandikwa kazi ya baba ataandika: marehemu, mkulima wa miwa, Kabras. Hatakuwa na haja ya kuazima hadithi ya mtu. Nitakuwa hapo kumshikia taa asome, shahada iwe imebaki kwangu au imekwenda.

Lala sasa, ndugu yangu. Aliyekufa ni wewe, na anayekulilia ni mimi.

Enoki Shitakwa